Siku Kiguru Aliponyooka

Gari lenyewe lilikuwa pikapu, kuukuu kiasi kwamba vijana wa mtaani, kama wangekuwa na adabu, wangekuwa wanaliamkia. Rangi yake ya kwanza ilikuwa buluu; ya sasa tuiache. Kwa miaka tisa lilitembea limelalia kushoto, tangu siku gurudumu la mbele lilipotumbukia mtaroni na kukipinda kishikio cha springi, yaani kile chuma kinachoibana springi kwenye chasisi isiende matembezini. Kishikio kilipopinda, bega la kushoto la gari likashuka, na mtaa mzima ukalipa jina la Kiguru.

Mwenye gari alikuwa mwalimu mstaafu wa hisabati, na jina hilo lilimkera. Gari lake, alisema, halichechemei. Lina mwinamo mdogo wa digrii chache, na digrii chache hazijawahi kumuua mtu. Ajabu ni kwamba mtu huyuhuyu alifundisha miaka thelathini na moja akiwanyang'anya watoto wa watu alama kwa sababu ya mstari uliopinda unene wa unywele.

Mkewe alikuwa na kitalu cha miche nyuma ya nyumba, na Kiguru ndiye aliyeisafirisha miche hiyo kwa wateja. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Miche ilipakiwa asubuhi imepangwa wima, ikafika imesongamana yote upande wa kushoto kama watu wanaochungulia ugomvi wa majirani. Wiki ile mteja mmoja alipokea michungwa arobaini, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kama hii ni ile aina inayotambaa. Mama wa watu alirudi nyumbani amenyamaza, na Mwalimu, ambaye aliujua ukimya wa mkewe kuliko alivyojua jedwali la kuzidisha, akaosha vyombo vyote bila kuambiwa.

Kesho yake baada ya chai, mkewe akajifunga kitambaa kichwani, akachukua mkoba wake, akasimama mlangoni.

"Mwalimu," akasema, "naenda kwa dada, nitarudi saa kumi. Nataka nilikute gari limesimama wima. Likiwa bado limelala, kesho asubuhi nawaita wanaonunua vyuma chakavu walichukue, na miche yangu nitakodi gari la mtu mwenye akili."

Usidhani alikuwa anatishia nyau. Mwanamke yule aliwahi kuuza kochi Mwalimu akiwa bado amelikalia.

Na Mwalimu alilipenda gari lile. Tuliseme sisi, maana yeye mwenyewe asingelisema. Ndani yake aliwapeleka mabinti zake wawili shuleni, ndani yake akawafundisha kuendesha, na siku aliyostaafu alikaa ndani yake nusu saa nzima, injini imezimwa, mikono miwili kwenye usukani, hataki kuingia nyumbani na uso ule aliokuwa nao. Kufikiria watu wakilikata vipandevipande kwa msumeno wa umeme kulimfanya akose hata hamu ya chai ya pili.

Basi akamwita shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa magari mwenye gereji mtaa wa pili. Fundi alikuwa mtu mzima sasa, mwenye kitambi na wajukuu, lakini uhusiano wao ulikuwa na kifundo cha zamani. Mwalimu alimfundisha Fundi hisabati mwaka uleule alioanza kumposa dada yake, na hata posa haikumzuia kumpa sifuri. Tangu hapo Fundi aliweza kumbishia Mwalimu kwenye siasa, mpira na malezi ya watoto. Ila mazungumzo yakigusa vipimo, mkubwa mzima alifunga mdomo na kutazama viatu vyake.

Alifika saa nne amebeba kishikio kilichotolewa kwenye pikapu nyingine ya aina ileile, marehemu, lakini chuma chenyewe kizima, hakina ufa wala kutu ya kutisha. Wakaingia bandani.

Banda hili lipewe heshima yake. Mwalimu alilijenga kwa mikono yake miwili, likizo ileile iliyofuata ajali ya mtaroni. Lilikuwa na nguzo sita za mbao ngumu, mabati juu, na uwazi wa mbele uliopimwa kwa ubahili mkubwa, kwa kuwa ukuta wa jirani ulikuwa upande huu na kitalu upande ule. Kiguru aliingia na kutoka pamebaki vidole viwili huku na vidole viwili kule. Wakati wa ujenzi jirani alijitolea kumwazima pimamaji ya kuhakikisha nguzo ziko wima, Mwalimu akakataa akisema kifaa hicho ni cha watu wasiojiamini. Na kazi ilipokwisha, hakuna mgeni aliyewahi kukaribishwa kiti kabla ya kuonyeshwa nguzo. "Tazama hiyo," Mwalimu humwambia, amefumba jicho moja. "Wima." Mgeni naye hutazama, hukubali, na ndipo hupewa kiti.

Kazi ikaanza. Fundi aliweka mawe nyuma ya magurudumu, akainua mbele kwa jeki, akasukumia magogo mawili chini ya chasisi, akatoa gurudumu la kushoto. Mwalimu alikabidhiwa tochi. Kumpa Mwalimu tochi ni kosa ambalo familia hiyo hulirudia kila mwaka. Alimulika paa, akamulika nyayo za Fundi, akamulika macho ya Fundi, huku akieleza jinsi uzito unavyogawanyika kwenye ekseli mbili. Palipokuwa na kazi palibaki giza. Mwishowe Fundi aliiomba tochi kwa heshima zote, akaiuma kwa meno, na kutoka hapo mhadhara ukaendelea bila kujibiwa.

Kishikio cha zamani hakikuwa tayari kuondoka. Kilikuwa kimefungwa kwa ribiti nne, misumari minene ya chuma iliyopondwa vichwa, na pini ya springi ilikuwa imeoana na kutu kiasi cha kutotaka kutengana. Wakaimwagia mafuta ya taa, wakasubiri. Fundi akaigonga. Wakamwaga tena. Ribiti zikakatwa vichwa kwa tindo, moja baada ya nyingine, ya nne ikaruka na kwenda kutua ndani ya kikombe cha Mwalimu, ambacho kwa bahati kilikuwa kimekwisha chai. Pini ilitoka kwenye pigo la hamsini na kitu, ghafla, na Fundi naye akaenda nayo mpaka ukutani. Alikaa pale chini akiitazama mkononi kama mtu aliyeng'oa jino lake mwenyewe.

Kufunga kipya kulikuwa rahisi zaidi. Bolti nne nene mahali pa ribiti, bushi mpya ya kuikalia pini, pini yenyewe imepakwa grisi, gurudumu likarudi, magogo yakatoka. Saa saba kamili Fundi alishusha jeki, Kiguru akakaa kwenye miguu yake yote minne, na wanaume wawili wakarudi nyuma hatua kumi, wamejishika viuno, tayari kufurahi.

Gari lilikuwa limelalia kulia.

Halikulala sana, lakini mtu yeyote mwenye macho angeona. Kati ya nguzo mbili za mbele, zile nguzo maarufu, bega la kushoto la Kiguru lilisimama juu na la kulia lilikuwa chini. Mwalimu akafumba jicho la kushoto, akafumba la kulia, akayafumba yote mawili kwa muda.

"Shemeji," akasema, "umezidisha."

Fundi alijua hajazidisha. Kishikio hakizidishwi; ama kinaingia kwenye matundu yake ama hakiingii. Lakini hili lilikuwa suala la vipimo, na aliyekuwa anazungumza ni yule aliyempa sifuri. Akatazama viatu vyake. Kisha akasema kwamba labda springi ya kushoto, baada ya kukandamizwa miaka tisa, imepata nafasi na sasa inajivuna. Mwalimu akasema ndivyo hasa alivyokuwa anafikiri.

Springi ya gari kama lile ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja. Ukipunguza kimoja, gari linashuka. Wakarudisha jeki, wakatoa gurudumu, wakafungua springi, wakapunguza chuma kimoja, wakafunga kila kitu, wakashusha. Saa nane. Hatua kumi nyuma. Kiguru bado alikuwa amelalia kulia, ingawa kidogo.

"Kimoja tena," akasema Mwalimu.

Fundi akataka kusema neno. Likafika kooni, likageuka, likarudi lilikotoka. Akaingia tena uvunguni.

Saa tisa kasoro gari lilisimama sambamba na nguzo, mstari kwa mstari, kama lililochorwa kwa rula. Mwalimu alizunguka kulitazama mara tatu. Akampiga Fundi mgongoni, akamwita shemeji wa kweli, akaenda mwenyewe kuleta karai la maji na sabuni wanawe mikono. Alilitua karai juu ya boneti, wakaanza kunawa wakicheka, na Mwalimu alikuwa anasimulia jinsi mkewe atakavyoshangaa pale alipoacha kusimulia.

Maji yalikuwa yamejaa upande wa kushoto wa karai mpaka ukingoni. Upande wa kulia palikuwa na vidole vitatu vya chuma kikavu.

Akalizungusha karai. Maji yakabaki kushoto. Akalisogeza, akalifuta chini, akalirudisha. Kushoto. Sasa, Mwalimu angeweza kubishana na fundi, na jirani, na mteja wa michungwa, lakini kubishana na maji kulimshinda. Kiguru alikuwa amelala vilevile alivyolala miaka tisa, baada ya saa tano za kumnyoosha.

"Lakini kwa nguzo yuko sawa," Fundi akanong'ona.

Wakaigeukia nguzo. Fundi akachukua nati kubwa, akaifunga kwenye uzi, akaushika uzi juu kabisa ya nguzo na kuiacha nati ining'inie. Ilicheza kidogo, ikatulia. Juu uzi uligusa mbao. Chini, kati ya nati na nguzo, palitosha kupita kiganja cha mtu mzima. Fundi akaipima nguzo ya pili, na ya tatu, pengine kwa matumaini. Zote sita zilikuwa zimekwenda mshazari, zote kushoto, kwa utiifu wa kusikitisha.

Ndipo Mwalimu akakumbuka. Likizo ile alipokuwa anasimamisha nguzo, aliliegesha gari katikati ya kiwanja, akakaa chini na kufumba jicho, akailinganisha kila nguzo na ukingo wa mlango wa gari. Alihitaji kitu kilichonyooka cha kufuatisha. Akachagua Kiguru, wiki mbili baada ya Kiguru kutumbukia mtaroni.

Akaketi juu ya gogo. Alihisi aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda kutoka shingoni hadi masikioni. Aliwahesabu kichwani wageni wote aliowaonyesha nguzo zile, akafika kwa mkaguzi wa shule, akaacha kuhesabu.

Fundi, Mungu ampe maisha marefu, hakucheka. Alisema tu kwamba imebaki saa moja, na vile vyuma viwili inabidi virudi. Wakavirudisha. Safari hii Mwalimu hakumulika wala hakufundisha; alipokea spana na kutoa spana. Walipomaliza, maji yakatulia sawa ndani ya karai, ukingo kwa ukingo. Kiguru alikuwa amenyooka kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, na ndani ya banda lile alionekana kama mlevi.

Ilikuwa saa kumi kasoro robo. Mwalimu akapata wazo. Gari litolewe nje, liegeshwe njiani ambako hakuna nguzo ya kulisingizia. Mkewe akilikuta huko atalikuta wima, na suala la banda si lazima lijadiliwe leo, wala mwaka huu. Akapanda, akawasha, akaanza kulitoa polepole huku Fundi akimwelekeza kwa mkono.

Kichwa kikapita. Lakini nyuma gari lilikuwa na fremu ya mabomba ya kutandikia wavu wa kukinga miche na jua, ndefu, karibu ifike kwenye boriti. Miaka tisa fremu ile ilipita kwenye uwazi ule vizuri kabisa, kwa sababu gari na banda vilikuwa vimepinda pamoja. Sasa mmoja wao alikuwa amenyooka bila kumwambia mwenzake. Kona ya juu ya kulia ikaikamata nguzo ya kulia, mabati yakalia, vumbi la miaka tisa likamwagika juu ya Fundi, na gari likakwama. Mwalimu akarudi nyuma. Pembe ya fremu ilikuwa imeuma mbao, haikutoka. Akaenda mbele, banda zima likamfuata kidogo. Akazima injini.

Katika ukimya uliofuata walisikia geti likifunguliwa.

Mkewe aliingia, akasimama. Mbele yake palikuwa na gari nusu ndani nusu nje, banda limelikumbatia kwa juu, mdogo wake amekuwa mweupe kwa vumbi tangu nywele hadi nyusi, na mumewe amekaa nyuma ya usukani akitazama mbele kama anayeendesha.

Mwalimu akashuka. Kichwani alikuwa na maneno tayari. Angeweza kusema fremu ndiyo mbovu. Angeweza kusema mabomba yamepindishwa leo, wakati wa kazi, kwa bahati mbaya, na asiseme na nani. Alifungua mdomo, lakini Fundi alimtangulia.

"Dada, ni mimi," akasema, akitazama viatu vyake. "Nimekosea vipimo."

Mwalimu akamgeukia. Akaliona tena dawati la nyuma la darasa lile la hisabati, na mtoto aliyekuwa amelikalia, na kalamu nyekundu. Kitu kikamchoma.

"Hapana," akasema. "Yeye hakukosea popote. Kazi yake ni safi. Gari limenyooka, banda ndilo limepinda. Lilipinda tangu siku ya kwanza, na niliyelipindisha ni mimi. Nilikosea."

Lilikuwa neno geni kinywani mwake na halikutoka vizuri. Mkewe akaweka mkoba chini.

"Sema tena," akasema. "Huyu ana vumbi masikioni, hakusikia."

"Nilikosea," Mwalimu akasema kwa sauti, na upande wa pili wa ukuta jirani akaacha kufagia.

Mkewe alilizunguka gari taratibu, akachuchumaa mbele kuangalia chini ya bega la kushoto, akakigusa kile kishikio kipya kwa kidole. Mwalimu alimfuata kwa macho, asijue kama anatazama mtu anayekagua gari au anayeaga.

"Limenyooka," akasema hatimaye. "Libaki. Kesho litabeba miche." Kisha akaitazama nguzo. "Hili la banda nilikuwa nalijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ulipolimaliza. Nilitoka jikoni nikaliona limekwenda upande. Nikadhani litaanguka usiku huohuo."

Miaka tisa. Wageni wote wale, na mkewe amesimama nyuma yao na sinia la vikombe, ananyamaza.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi, baba watoto? Ulikuwa umesimama hapo na nyundo mkononi, umelowa jasho, unacheka peke yako. Nilikuwa sijakuona na furaha namna ile tangu mtoto wa pili azaliwe."

Fundi akakumbuka kwamba ana shughuli ya haraka upande mwingine wa gari. Mwalimu aliingia stoo, akatoka na msumeno, akausimamisha kwenye ile nguzo ya kulia iliyolinasa gari. Lakini hakuanza kukata. Macho yake wakati ule hayakuwa yanaona vizuri, kwa hiyo akamwomba mkewe amwonyeshe mahali pa kukata, na mkewe akaweka kidole.